Daftari la Mwili: Namna ya Kujiwekea Lengo la Mazoezi na Kulipima

Leo chukua Biblia, kalamu na daftari, na kama una saa yenye mshale wa sekunde, iweke karibu. Tutazungumza habari za mazoezi ya mwili. Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, tumekuja kusali, mbio zinaingiaje hapa?" Subiri kidogo, utaona.

Mimi nafundisha michezo katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, si mbali na Mji Mkongwe. (Nimetoka bara nikisema "shule", sasa nasema "skuli" kama wenyeji, na nikienda likizo nyumbani wananicheka.) Jumapili nasali Minara Miwili, kwenye kanisa letu la Mtakatifu Yosefu. Jumatatu nasimama uwanjani mbele ya wanafunzi ambao karibu wote ni Waislamu. Somo hili nimelipata kwao, na sehemu kubwa nimelipata kwa kukosea.

Mwaka wangu wa kwanza nilianza kwa mbwembwe. Nilipima kidato cha pili kizima: kukimbia dakika 12, pushapu, kuruka mbali ukiwa umesimama, na uzito kwenye mizani niliyoiazima. Kisha nikaandika majina yote kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa 43, nikabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Malengo nikayaweka mimi mwenyewe: mita 2,400 kwa wavulana, mita 2,000 kwa wasichana. Namba nilizitoa kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine kabisa. Nikajiona mwalimu wa kisasa.

Wa 43 alikuwa msichana mnene kidogo, mcheshi sana, yule anayeanzisha nyimbo wenzake wakipasha mwili moto. Wiki iliyofuata aliniambia tumbo linamuuma. Wiki ya pili amesahau raba. Wiki ya tatu sikumuuliza tena, nikaandika tu "hakushiriki".

Alhamisi moja nikasikia hodi kwenye ofisi ya walimu. Bibi mmoja amevaa kanga, amesimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa mbio?"

"Ndiye mimi, bibi. Karibu ukae."

Hakukaa. "Mjukuu wangu hali. Wiki ya tatu hii. Asubuhi anasema atakula skuli, akirudi anasema kashakula skuli. Juzi kaanguka msalani. Nimemuuliza mpaka kanambia, ati kuna karatasi. Nimekuja kuiona hiyo karatasi."

Nilimpeleka kwenye ubao. Alisoma polepole, kidole kikishuka jina kwa jina mpaka chini kabisa, penye jina la mjukuu wake na kilo zake. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Haya. Kumbe kweli imeandikwa." Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Karatasi niliitoa saa ile ile, lakini watu 43 walikuwa wameshaisoma kwa wiki tatu.

Jumamosi nikaenda kuungama. Nilianza na dhambi zangu za kawaida, zile tunazozijua kwa moyo, ndipo nikafika kwenye karatasi. Padri hakusema mengi. Aliniuliza swali moja: zile namba ulikuwa unamhesabia nani?

Nyumbani nikafungua 2 Samweli sura ya 24. Fungua na wewe. Mfalme Daudi anaamuru watu wahesabiwe. Yoabu, ambaye kwa kweli hakuwa mtu wa huruma, anamzuia: kwa nini bwana wangu unalitaka jambo hili? Daudi anashikilia. Kazi inachukua miezi 9 na siku 20, namba zinaletwa, na hapo hapo moyo wa Daudi unamchoma. Zamani nilishangaa, kwani katika kitabu cha Hesabu, sura ya 1, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa awahesabu watu. Kosa basi haliko kwenye kuhesabu. Wafafanuzi wengi wanaona Daudi alitaka kujua ukubwa wake mwenyewe kupitia watu wale. Karatasi yangu ilikuwa hivyo hivyo. Ilionyesha jinsi mimi ninavyofanya kazi, na watoto walikuwa tarakimu zangu.

Sasa, wengine wakipatwa na jambo kama hili wanaacha kupima kabisa. "Tucheze tu, tufurahi." Sikubaliani nao, na hapa ndipo penye somo lenyewe.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, aliandika mwaka 1968 kuhusu malengo, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha jambo lile lile: mtu mwenye lengo mahususi na gumu kiasi hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa "jitahidi uwezavyo". Walimu tunalipenda sana neno "jitahidini". Halina mwanzo wala mwisho. Nikikuambia jitahidi, utajuaje umefika? Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14:28-30, anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini, anapiga hesabu ya gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Kukaa chini na kupiga hesabu ndiyo kazi ya leo.

Anza na ulipo. Usianze na unapotaka kufika. Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha dakika 12, alichokitangaza Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968. Hakihitaji mashine. Unakimbia, ukichoka unatembea, ukipata pumzi unakimbia tena, na mwisho unaandika mita ulizofika. Sisi tunapima mzunguko wa uwanja kwa kamba yenye fundo kila mita 10, tunaweka chupa za maji zilizojazwa mchanga kwenye kona. Uwanja wetu unatoa mita 250 kwa mzunguko. Aliyezunguka mara 6 na kuongeza mita 100 amekwenda mita 1,600.

Hapa kuna siri ambayo vitabu vingi vinaipitia haraka: pima mara mbili. Siku ya kwanza mtu hajui kugawa nguvu zake. Anatoka mbio kama wale vijana wa makachu wanaojirusha baharini pale Forodhani, dakika ya tatu pumzi imekwisha. Siku ya pili anakwenda mbali zaidi, wala mwili wake haujabadilika, amejifunza kipimo tu. Ukichukua namba ya siku ya kwanza kama mwanzo, baadaye utajisifu kwa maendeleo ambayo hayapo. Pima leo, pumzika siku mbili tatu, pima tena, andika ile ya pili.

Na mazingira yawe yale yale. Saa moja asubuhi na saa saba mchana hapa Unguja ni nchi mbili tofauti! Ukipima mwanzo asubuhi, pima mwisho asubuhi. Uwanja ule ule, raba zile zile, na kama mwanzo ulikula boflo na chai kabla ya kuja, kula hivyo tena.

Kipimo cha pili unaweza kukifanya peke yako kesho. Ukiamka, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba lenyewe maana lina mapigo yake, litakuchanganya. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Kwa mtu mzima aliyepumzika kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Fanya asubuhi tatu, chukua wastani. Mtu anayefanya mazoezi ya pumzi kwa miezi kadhaa mara nyingi huona namba hii ikishuka, kwa sababu moyo wenye nguvu unasukuma damu nyingi zaidi kila pigo. Wanafunzi wangu wanakipenda kipimo hiki kwa sababu hakuna anayekiona.

Pushapu, kuruka, kunyoosha misuli, hivyo navyo vinapimika, lakini usibebe vyote. Chagua kimoja au viwili.

Halafu lengo. Chukua yule wa mita 1,600. Anataka kufika 1,800 baada ya wiki 8. Ni ongezeko la mita 200, kama asilimia 12 na nusu. Maana yake ni kwamba kilomita moja aliyokuwa akiikimbia kwa dakika 7 na nusu, sasa aikimbie kwa dakika 6 na sekunde 40. Ni gumu ila linawezekana. Angesema 2,800 angekuwa anajenga mnara wa Luka.

Lakini namba 1,800 haiko mikononi mwake moja kwa moja. Kilicho mikononi mwake ni siku za mazoezi. Kwa hiyo mwambie aandike lengo la pili chini ya lile la kwanza: "Nitakimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, dakika 25, kwa wiki 8." Hizo ni mara 24. Achore viboksi 24, atie alama kila anapomaliza. Ukiniuliza mimi, viboksi ndivyo vyenye thamani. Siku ya kupima inaweza kuharibiwa na mvua au mafua, viboksi havidanganyi. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kuchota maji, kutembea kwenda skuli, kucheza mpira uwanjani jioni, vyote vinahesabika. Msidharau vya nyumbani.

Tahadhari moja, nayo ni ya lazima. Mwenye pumu, selimundu au tatizo la moyo azungumze na daktari kabla ya kipimo chochote cha kujichosha. Na yeyote anayehisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame. Hakuna mita inayostahili hilo.

Uzito nimeacha kuupima kabisa, mizani nimeirudisha kwa mwenyewe. Mwili wa kijana wa miaka 15 unakua, kilo zitaongezeka hata akiwa na afya tele. Zaidi ya hayo, kilo hazisemi kama unaweza kupanda ngazi bila kuhema.

Daftari sasa ni la mwanafunzi mwenyewe. Analifungua yeye, ananionyesha mimi, basi. Na ulinganisho ni mmoja tu: mimi wa leo na mimi wa wiki 8 zilizopita. Mtakatifu Paulo anawaambia Wagalatia (6:4) kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, ili akiwa na la kujivunia liwe lake, bila kujilinganisha na jirani. Huyu ndiye Paulo yule yule anayewaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji na wapiga ngumi (1Kor 9:24-27). Alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na jirani na mji huo ndipo ilipochezwa michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji la majani, na majani yananyauka. Wakorintho walielewa mara moja. Somo wengi hulikumbuka kwa sababu ya taji. Mimi siku hizi naitazama zaidi sehemu ile anayosema hapigi ngumi hewani. Mtu asiyejua anapiga wapi anachoka bure.

Mnajua nani alikuwa na daftari la namna hii kabla yetu? Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapishwa mwaka 1548, anaanza kwa kusema kwamba kama kutembea na kukimbia ni mazoezi ya mwili, basi roho nayo ina mazoezi yake. Mbele kidogo, namba 24 hadi 31, anatoa njia ambayo mwalimu yeyote wa michezo angeitambua. Chagua kosa moja tu unalotaka kulishinda. Asubuhi weka nia. Mchana jichunguze, tia nukta kwenye mstari kwa kila mara ulipoanguka. Usiku tena, mstari wa pili. Kisha linganisha mstari wa pili na wa kwanza, leo na jana, wiki hii na wiki iliyopita. Kwenye mistari ile hamna nafasi ya kuandika nukta za mtu mwingine. Kwa hiyo ukurasa wa kushoto wa daftari lako andika mita, ukurasa wa kulia tia nukta za Inyasi. Mimi nafanya hivyo. Nukta zangu nyingi ni za hasira, hasa kipindi cha mwisho.

Jambo la mfungo nalo, maana mtaniuliza. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeshaanza siku chache kabla. Uwanja mzima tumefunga, kila mmoja kwa dini yake. Katika mwezi huo sipimi mtu, na lengo linabadilika: kutembea, kunyoosha viungo, mambo mepesi. Viboksi vinabaki, dakika zinapungua. Kijana Mkatoliki unayesoma na Waislamu, usikimbie ukitoa jasho na kunywa maji mbele yao kwa kujionyesha. Masika inafuata hapo hapo na uwanja unajaa maji, kwa hiyo wiki 8 zangu za kupima naziweka nje ya miezi hiyo. Kupanga kalenda ni sehemu ya kupanga lengo.

Nirudi kwa yule msichana. Alipelekwa hospitali, akazungumza na daktari, akaanza kula. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, mbele ya bibi yake. Bibi alinipa kahawa na kipande cha halua, akasema, "Mwalimu, na wewe ni mtoto wa mtu." Sijui kama lile lilikuwa msamaha au karipio. Nilinywa kahawa.

Alichukua mwezi mzima kurudi uwanjani. Nilimpa daftari tupu, nikamwambia lengo aweke yeye. Kipimo chake cha pili kilikuwa mita 1,150. Akaandika 1,350, na viboksi 24, na chini yake akaandika kwa herufi ndogo: "asubuhi nile". Nikamwuliza kama hilo nalo lina viboksi. Akasema ndiyo, kila siku.

Baada ya wiki 8 alifika mita 1,290. Alikasirika. "Ticha, zimebaki sitini!" Tukafungua daftari, tukahesabu viboksi: 19 kati ya 24. Mitano ilikuwa wiki mbili za mtihani. Kwa hiyo jibu lilikuwa pale, hatukuhitaji kutafuta mchawi. Hakufikia lengo, na sikumwambia kwamba amelifikia. Nilimwambia ameongeza mita 140, na hiyo ni kweli pia.

Lengo lake jipya halikuwa la mbio. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama Skagit ikitoka Dar es Salaam, karibu na Chumbe. Kwao kuna mtu alipanda ile ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mchanga, ila bibi hajaacha kusimulia. Tunaishi kisiwani, na wasichana wengi hawajui kuelea. Kule Nungwi, Panje Project imekuwa ikiwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili mzima. Picha za Anna Boyiazis za mafunzo hayo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Binamu yake anaishi Nungwi.

Akaja na daftari wiki ya kufunga skuli. Ameandika: mwanzo, sekunde 0. Lengo, kuelea chali dakika 2 bila kushika dumu. Muda, likizo yote. Shahidi, binamu. Chini kabisa: "bibi atakaa ufukweni".

"Ticha, hii inahesabika kuwa michezo?"

Nikatia sahihi.